Bonge Hakutia Nia

Jumamosi, 1 Machi 2025

Stella, mpangaji wetu, kaondoka asubuhi. Semina ya manesi, Lindi, siku kumi. Kaniachia ufunguo wa chumba chake na tundu lenye simbilisi wawili. "Wanangu" anawaita, mtu mzima na akili zake! Mmoja ana manyoya ya kijivu, jina lake Mstaafu. Mwingine mnene, wa kahawia: Bonge. Wadogo kuliko sungura, hawana mkia, na wana macho ya mgeni anayesubiri chai.

Kabandika na karatasi ukutani, juu ya cherehani yangu. Ukoka muda wote. Matembele asubuhi na jioni. Pera, kipande kila siku, maana miili yao haijitengenezei vitamini C. Maji safi. Kisamvu kibichi marufuku, wali marufuku, mkate marufuku. WASIPOPATA CHOO NIPIGIE SAA HIYO HIYO.

Choo! Nimecheka mpaka Mama akatoka jikoni. Nikamsomea. Kasema yeye kalea watoto sita na hakuna nesi aliyewahi kumbandikia karatasi.

Mwezi umeonekana. Kesho tunafunga.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani ya kwanza. Saa nne tu kichwa kinagonga kwa kukosa chai. Watu wameshaanza kuleta vitambaa vya Idi, ati wanawahi. Wawahi wapi, na mwezi ndiyo kwanza umeandama?

Na hawa wawili! Kru kru kru kru. Nyuma ya kisigino changu, tangu alfajiri, bila hata kupumua. Saa tano nimewakatia pera. Harufu yake! Mate yakajaa mdomoni, nikatoka nje kutema mara tatu. Jirani kaniuliza kama nina mimba. Na umri huu!

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata dawa yao. Baada ya daku nimeyatoa majani, nimeyaficha kwenye beseni chini ya meza. Magharibi nawarudishia, wale usiku kucha wakitaka. Mimi nakaa saa kumi na tatu na zaidi bila kitu, wao washindwe? Bonge ana akiba mwilini ya kumfikisha Idi.

Kimya kitamu hicho! Nimemaliza magauni mawili.

Jioni Stella kwenye WhatsApp: wanangu hawajambo? Nikamjibu, wazima, wanakula hadi wananichosha. Kwa jana ilikuwa kweli.

Jumanne, 4 Machi

Kimya. Kanzu tatu. Magharibi Mstaafu kayavamia majani kama mtu wa harusini. Bonge kanusa, kageuka. Nikasema kashiba. Kashiba nini? Sikujiuliza, uji ulikuwa unapoa.

Jumatano, 5 Machi

Bonge kajikunja kwenye kona. Manyoya yamesimama. Nimempa pera, kaligeuzia mgongo. Pera!

Nimefagia tundu. Upande wa Mstaafu punje za choo tele, za afya. Upande wa Bonge tatu, ndogo, kavu kama pilipili manga. Nimeisoma tena ile karatasi. Safari hii sikucheka.

Mama kaingia kutafuta beseni. Kaliona, na majani yake. Nikamwambia, wanafuturu pamoja na sisi. Mama kalivuta beseni mpaka katikati ya chumba. Halafu:

"Bonge katia nia lini, Maftaha?"

Kasema mnyama hana saumu wala thawabu, ana njaa tu. "Umemsahau yule mwanamke aliyemfungia paka asile, akaingia motoni?"

Nimesikia kisa hicho madrasa tangu nina miaka sita. Kila nilipokisikia nilimchukia yule mwanamke.

Majani nimeyarudisha papo hapo. Bonge hayatazami. Stella naye: dada, nitumie picha basi, nimewakumbuka. Nimemtumia ya Jumamosi. Nimefunga, nimemnyima kiumbe chakula, na sasa nadanganya kwa picha. Hii saumu yangu imebaki na nini?

Alhamisi, 6 Machi

Bwana mifugo kaja saa mbili na pikipiki yake. Anaitwa Sipriani, mtu wa ng'ombe na kuku. Nilidhani atacheka. Hakucheka, kumbe kwao Njombe wanawafuga sana. "Ila sisi tunawala," kasema. Nimemwomba neno hilo Stella asije akalisikia.

Kampapasa Bonge tumbo, kampanua mdomo. Meno ya hawa hayaachi kukua, kasema, yanapunguzwa na kutafuna majani. Na tumbo lao ni mashine ya kusaga: ikikosa kitu inazima, ikizima kuiwasha ni kazi. Kaniuliza amekaa hivi tangu lini. Nikasema ukweli wote, mchana wa siku tatu. Kasema bahati yangu tumbo halijajaa hewa.

Dawa: matembele na pera vipondwe vilainike kwa maji. Bomba la sindano, sindano itolewe. Pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, kila baada ya saa mbili. Nimsugue tumbo polepole. Na majani yasiondoke mbele yake hata dakika moja.

Nimeponda pera na saumu yangu, Mama kanikalia kooni nisije nikasahau nikalamba kidole. Mabomba mawili Bonge kameza. La tatu kanitemea — na nyuma yangu ilitundikwa kanzu nyeupe ya imamu! Doa la kijani, kifuani. Mama kacheka mpaka kakaa chini. Na mimi nikacheka, halafu machozi yakaja yenyewe.

Maana Stella kila Ramadhani hula chumbani kwake, mlango kaufunga, hata kijiko hukisikii. Mkristo yule, hakuna aliyemwambia. Anatuheshimu sisi. Na mwaka jana nilipolazwa kwa malaria ni yeye aliyeninywesha uji kwa kijiko, hivi hivi, pembeni mwa mdomo. Na mimi wanawe wawili wamenishinda.

Nimeandika ujumbe, nimefuta. Mara nne. Saa kumi nimerekodi sauti: nimemnyima Bonge chakula kwa sababu ya kelele zake, anaumwa, ile picha ilikuwa ya zamani, nisamehe. Tiki mbili. Zikawa bluu.

Hakujibu. Ningefurahi angenitukana.

Choo: sifuri.

Ijumaa, 7 Machi

Punje mbili! Alfajiri, nikiwa na kikombe cha daku mkononi. Nimemwita Mama. Tumeinama wote wawili juu ya tundu, tunatazama mavi ya simbilisi na kusema alhamdulillahi. Jirani angetuona angesema tumerogwa.

Baada ya hapo, hakuna. Mchana kutwa hakuna. Cha kwenye bomba anameza, lakini kutafuna hatafuni. Nimempigia Sipriani. Kasema bomba ni la kumvusha tu. Asipoanza kutafuna mwenyewe leo au kesho, nisijipe matumaini sana. Mstaafu kakaa pembeni yake, kru kru kru, kama anamfundisha. Kanzu ya imamu nimeifua mara tatu, doa lipo.

Saa kumi na moja na nusu, ujumbe wa Stella, wa kwanza tangu jana: "Nimeshuka Nangurukuru." Basi. Hapo ndipo njia panda ya kuja kwetu. Semina inaisha Jumatatu, ameiacha.

Sasa saa kumi na mbili na nusu imepita. Nimekaa sakafuni, daftari gotini, naandika. Mkono wa kushoto nimeshika jani la tembele mbele ya pua ya Bonge. Mama kaandaa: uji, mihogo ya nazi, tende kwenye kisahani. Adhana hiyo inaanza. Mama ananiita, futuru, Maftaha, saumu haicheleweshwi. Nimesema nakuja. Siwezi kumtafunia tende mbele yake.

Pikipiki imezima nje. Nyayo zile nazijua. Hodi. Mama anaitikia. Shikamoo imekwenda kwa Mama, kwangu hakuna kitu. Anauliza, yuko wapi? Sijui anamuulizia Bonge au ananiulizia mimi.

Yuko mlangoni. Hajavua hata viatu.

Bonge ameshika ncha ya jani. Ameshika tu, au anatafuna — Mama, acha vyombo! Stella, usiseme kitu, nyamazeni kidogo jamani, nisikie —