Upande Mmoja wa Kichwa cha Babu

Jumapili, 9 Machi 2025

Tumeitwa mahakamani Malindi, tarehe 18, kuhusu kifo cha Babu. Shangazi Everlyne ndiye aliyeng'ang'ana tangu Agosti. Polisi waliandika kwamba Babu Lewa aliteleza bwawani kule Ganze, akazama. Basi. Shangazi akasema lile bwawa babake alilichimba kwa jembe lake mwenyewe, hawezi kuteleza mle kama mgeni.

Mama amechoka. Amesema hakimu hafufui mtu. Baba mdogo Gona ameendelea kumenya muhogo. Nyumba hii ni yake. Tangu Baba afariki tunakaa kwake, ananisomesha yeye. Hata baiskeli alinifundisha yeye, akikimbia nyuma yangu ameshika kiti.

Mimi pia nimechoka. Sijui kwa nini, sijafanya kazi yoyote leo.

Jumatano, 12 Machi

Nimemuuliza Mwalimu Cherop wa historia. Nilingoja darasa litoke kwanza — mbele ya watu sauti yangu hunipotea. Nikamwuliza, mahakama ikichunguza kifo, hiyo ni kesi ya namna gani, mbona hakuna mshtakiwa?

Akasema si kesi. Hakuna anayefungwa siku hiyo. Mahakama inauliza tu: aliyekufa ni nani, alikufa lini, wapi, vipi. Kwamba ni jambo la kale sana, tulirithi kwa Waingereza. Zamani kwao maiti ikionekana kijijini, afisa wa mfalme aliwaita majirani, wakasimama kuizunguka, wakaulizwa. Na waliitwa kwa sababu wanajua. Kuchagua watu wasiojua lolote ili wasipendelee, hilo lilikuja baadaye.

"Sisi tukaletewa sheria," akasema, "majirani wakaachwa kwao. Hapa hakimu anauliza peke yake." Akacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaona majirani zetu wa Ganze wamesimama duara. Wote wanajua. Wanajua nani alianza kumwita Babu mchawi. Wanajua nani alitaka shamba liuzwe na Babu akakataa.

Mwalimu akaniuliza, "Mbeyu, kuna shida nyumbani?" Nikasema ni swali la insha tu. Mwongo mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika mara moja tu, kisha nilale.

Kwetu mzee hatembei na mvi. Mvi ni kesi tayari, ukionekana nazo unaitwa mchawi. Wazee wote wanapaka rangi nyeusi, na Babu nilikuwa nampaka mimi kila likizo, beseni la bluu, kitambaa mabegani. Alikuwa akinitania. "Nipake vizuri, mke wangu, nikatafute wa pili." Namwambia wa pili atakukimbia ukitoa shati. Anacheka mpaka rangi inamwingia sikioni.

Asubuhi ile nilikuwa nimemaliza upande wa kushoto. Baba mdogo Gona akatokea. Vijana wawili nisiowajua walibaki nje kwenye pikipiki. Akasema, "Baba, twende bwawani, tukaangalie mpaka." Babu akasema ngoja mke wangu amalize. Baba mdogo akasema tunarudi sasa hivi.

Babu akaondoka na nusu kichwa. Nilimcheka! Nikamwambia umefanana na pundamilia. Akageuka, akanipungia mkono.

Rangi ilikauka kwenye beseni.

Jioni, polisi walipokuja, Baba mdogo aliwaambia alishinda Malindi siku nzima. Nilikuwa jikoni, nilisikia. Mimi hakuna aliyeniuliza. Mtoto haulizwi. Nikangoja mtu mzima aseme. Bado nangoja.

Jumatatu, 17 Machi

Mama amepiga pasi sare yangu. Amesema kesho nikae tu, niheshimu watu. Baba mdogo ametoa mafuta kidogo akapaka mnyororo wa baiskeli yangu. Hakuambiwa na mtu.

Siwezi kula.

Jumanne, 18 Machi

Niko kwenye benchi nje ya mahakama. Tumetoka kidogo, tutarudi mchana.

Hakimu ni mwanamke, anaongea polepole. Baba mdogo alisimama, akala kiapo, akarudia yaleyale: nilikuwa Malindi, babangu alitoka peke yake alfajiri. Kisha ikasomwa ripoti ya daktari, kwa Kiingereza. Maji kwenye mapafu. Alama shingoni. Nywele upande wa kushoto nyeusi, za kulia nyeupe.

Nilielewa kabla karani hajatafsiri. Kwa kitambo kile kifupi nilikuwa peke yangu nayo. Halafu karani akaitamka kwa Kiswahili na watu wakaguna. Hakimu akauliza, kuna mtu wa familia anayeweza kueleza hizi nywele? Akasema hapa hakuna mshtakiwa, tunauliza tu. Shangazi akatutazama mmoja mmoja. Mama akatazama viatu vyake.

Baba mdogo hakugeuka. Shingo yake tu ilikaza.

Sasa hivi amenijia hapa na soda na chapati. Sijui amezipata wapi, vibanda vingi vimefungwa, ni Ramadhani. Nikamwamkia. Akaketi.

"Kula, mama."

Nikasema sina njaa.

"Babu yako alikuwa anapakwa na wewe."

Hakuuliza. Alisema tu. Nikaitikia kwa kichwa.

Akasogeza chapati karibu yangu. Kisha akasema, "Mbeyu, mimi ndiye baba uliyebaki naye." Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, ndiyo iliyoniogopesha. Akainuka, akaenda kusimama na wanaume pale mlangoni. Chapati imebaki hapa, bado ya moto.

Namtazama. Najaribu kumchukia, sioni pa kuanzia. Namwona tu akikimbia nyuma ya baiskeli, akihema, usiogope nimeshika, nimeshika.

Majirani waliitwa kwa sababu wanajua.

Karani amefungua mlango. Anauliza kama kuna mtu wa familia ambaye hajasema na anataka kusema. Watu wanapangusa suruali, wanaanza kuingia. Anauliza tena.

Mkono wangu wa kulia unaandika hapa. Wa kushoto nimeuinua. Karani hajauona. Baba mdogo ameuona —