Niambie Yale Uliyoniambia

Wamagana, Nyeri
15 Agosti 1994

Kwa rafiki yangu Gatobu, mzee wa kanisa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta umeketi vizuri, wewe na mkeo Gakii na yule ng'ombe wenu mwenye kiburi. Goti lako bado linapanda ngazi za kanisa, ama siku hizi wanakubeba? Mimi ni mzima isipokuwa meno, ambayo yamebaki matatu na hayasalimiani. Mke wangu Mukami anakusalimu. Ati nikuandikie kwa adabu kwa sababu wewe ni mtu wa heshima. Nimemwambia nilikujua kabla heshima haijakufikia, tulipokuwa tunapasua mbao kule Nanyuki.

Sasa kaa chini. Nimeokoa watu saba. Ndiyo, mimi Ngatia, ambaye ulisema nitaingia mbinguni kupitia dirishani. Wanaume saba kwa mwezi mmoja, na wengine walikuwa wanalia.

Basi, si saba. Niliandika saba nikaona Mukami anachungulia juu ya bega langu, naye anajua kusoma. Ni mmoja. Na huyo mmoja sijui kama nilimleta mimi ama nilimkuta njiani akinipita. Ndiyo sababu nakuandikia. Kichwa changu kimevurugika kama uzi uliochezewa na paka, na wewe ndiye mtu pekee wa kanisa ninayeweza kumuuliza swali la kijinga bila kuombewa papo hapo.

Mambo yalianza mwezi wa sita. Niko na kikundi cha maombi cha Alhamisi, ambacho nilijiunga nacho kwa sababu ya chai na nduma za kuchemsha, usijifanye umeshangaa. Kiongozi wetu ni mama mjane anaitwa Wachuka. Alitwambia kila mmoja aombe kila asubuhi, Bwana ampe nafasi asiyoitarajia ya kumwambia mtu habari za Yesu. Halafu kila Alhamisi tusimame mmoja mmoja tueleze nafasi tuliyopata. Nikaomba. Niliomba hivi: Bwana, nipe nafasi, lakini isiwe leo, na isiwe kwa mtu mwenye mbwa.

Wenzangu wakaanza kupata nafasi kama mvua. Mzee Kingori alimshuhudia daktari wa mifugo, ati daktari hakuweza kukimbia kwa sababu mkono wake mzima ulikuwa ndani ya ng'ombe. Mama mwingine alimpata karani wa kupima majani chai. Mimi Alhamisi ya kwanza nikasema bado. Ya pili, bado. Ya tatu Wachuka akaniangalia kwa huruma, akaniongezea chai, akasema sasa watakuwa wananiombea mimi. Gatobu, hakuna kitu kichungu kama chai ya huruma.

Alhamisi ya nne nikasimama, nikasema nimeongea na Theuri.

Theuri ni jirani yangu. Shamba lake na langu yanagawanywa na ua wa miiba. Ndiye mpikaji wa muratina, ile pombe yetu ya asali, na sifa zake zimefika mpaka Mweiga. Watu wa kanisa hawapiti kwenye lango lake. Wakikaribia wanavuka barabara, ni kama mbao za lango zenyewe zinalewesha. Mwaka jana alipofiwa na mke wake Kananu, waliokuja kuzika ni ndugu zake wanne na walevi wawili walioweza bado kushika jembe. Hakuna aliyeimba.

Basi nikasema nimeongea naye, ati alinisikiliza mpaka akainamisha kichwa. Kikundi kizima kikapiga makofi. Nikakaa, nikala nduma vipande vitatu.

Sikujua Wachuka ni mtu wa namna gani. Jumamosi hiyo alikusanya akina mama kumi na wawili, wakabeba vyondo vya unga, sukari na viazi, na kuni mgongoni, wakaingia kwa Theuri wakiimba. Mimi nilikuwa nyuma ya ua, nimeinama kama mwizi wa kuku, nikingoja Theuri awaulize kama wamepotea njia. Hakuuliza. Walifagia nyumba, wakaosha sufuria, wakawasha moto, wakaomba. Na Wachuka alipouliza kama ni kweli Ngatia alimletea habari njema, Theuri alisema ni kweli, Ngatia ni jirani mwema, alinieleza yote.

Sasa anataka kupokewa kanisani tarehe ishirini na nane mwezi huu. Vibuyu vya muratina amevigeuza chini juu, vinakauka juani, na nikipita nasikia huzuni kidogo. Pasta naye amesema nisimame kando yake mbele ya watu wote, nieleze nilivyomfikia.

Hapa, Gatobu, vaa miwani vizuri. Sikuwa nimemwambia Theuri neno lolote. Wala kabla ya hapo sijawahi. Mazungumzo yetu yote ni juu ya mbuzi wake kuingia kwa mahindi yangu. Nilitaja jina lake kwa sababu ndilo jina ambalo hakuna mtu wa kanisa angekwenda kuhakikisha.

Asubuhi ya pili baada ya akina mama kuingia kwake, Theuri alikuja kwangu, amenyoa ndevu. Akaketi kwenye kigoda akasema, Ngatia, wale mama wanasema uliniambia maneno mazuri sana. Sasa niambie yale uliyoniambia.

Fikiria! Nafasi yenyewe imekaa kwenye kigoda changu. Nikafungua mdomo. Nikatafuta mstari wa Biblia, nikaupata ule mfupi kuliko yote, nao nikausahau katikati. Nikamuuliza kwa nini aliwadanganya akina mama. Akasema tangu Kananu afe, hakuna mtu mwingine aliyeosha kikombe katika nyumba ile. Angekataa wangeondoka, na chai ilikuwa haijachemka.

Hapo mdomo wangu ukatoa jambo ambalo sikuutuma. Nilimwambia kwamba siku ya kumzika Kananu nilituma neno ati jino linaniuma. Jino halikuuma. Jumatano ya wiki ileile nilikuwa nimekunywa kwake nikashiba, lakini niliogopa watu wa kanisa wakiniona langoni kwake mchana. Nilisimama nyuma ya ua mpaka wakamaliza kufukia. Hata Mukami hajui. Sasa hivi ameenda kukamua, ndiyo maana naandika haraka.

Theuri akasema alijua. Aliona kofia yangu juu ya miiba. Akasema Kananu angecheka sana, kwa vile kofia ile ni yeye aliyenifumia.

Kisha akauliza kama siku ile Mungu wangu naye alikuwa nyuma ya ua pamoja nami. Nilifikiri, mimi ambaye si mtu wa kufikiri. Nikamwambia sijui vizuri, mimi ni Mkristo wa nduma, lakini nadhani yeye alikuwa kule ndani, ameshika jembe pamoja na wale walevi wawili. Nje nilikuwa peke yangu. Theuri akaangalia chini, akapangusa uso kwa mkono wa koti. Akasema, basi, kwa huyo mwenye jembe naweza kwenda. Akaniambia na chai yangu ni maji matupu, akaenda zake.

Sasa nieleze, wewe uliyesoma. Ile nafasi ililetwa na maombi ama na uongo? Kama ni maombi, mbona yalipitia uongo wangu na uongo wa Theuri ndipo yakafika? Kama ni uongo, mbona nilipofungua mdomo ikatoka kweli? Na mtu anaweza kumwelekeza mwingine nyumba ambayo yeye mwenyewe hajaingia? Usinijibu kwa mistari kumi, nitalala.

Nilitaka tunyamaze tu, mimi na Theuri. Naogopa wale mama wakijua, hawatarudi kwake, na hilo ndilo linaninyima usingizi, si aibu, aibu nimeizoea. Theuri amekataa. Anasema amechoka kufagiliwa nyumba kwa ajili ya maneno ambayo hayakusemwa. Wakirudi, warudi wakijua. Basi siku ya kupokewa kwake nitasema yote, hata jino.

Salimia Gakii, mwambie nakumbuka mukimo wake wa viazi na mahindi. Salimia wote wanaokuvumilia.

Jambo la mwisho, dogo. Siku yako ya harusi ulikuwa na viatu? Hukuwa na viatu. Ulivaa buti zangu, nami katika picha nimeficha miguu nyuma ya beseni. Uliapa siku nitakayosimama mbele ya kanisa utanilipa. Mimi na Mukami tulioana kwa mbuzi, si kanisani, kwa hivyo siku hiyo haijawahi kufika, ila sasa. Nitumie tai yako ya bluu. Itie kwenye bahasha ikiwa imefungwa tayari, kwa maana hapa kwangu hakuna anayejua fundo lake. Nitaingiza kichwa tu.

Ni mimi rafiki yako wa mbao,
Ngatia