Jina la Rashidi Kwenye Barua ya Mjomba

Kilimarondo, Nachingwea

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mikorosho ya hapo Narung'ombe imeshatoa maua? Mimi mzima, Alhamdulillahi. Nafundisha, nakula, na juzi tembo walipita kwa jirani bila kugusa muhogo wangu. Wifi Zuhura, najua wewe ndiye unayemsomea mama. Soma yote, usiruke.

Mama, ulisema posa ya Rashidi haitajibiwa mpaka mjomba Issa atoe neno. Sawa, ndiyo desturi yetu. Lakini mjomba anapika kwenye meli ya mizigo, simu haimpati, anapatikana kwa baruapepe tu. Na mtandao wa huku ni wa kubahatisha. Nikifungua ukurasa wa barua, maharage yanaiva jikoni wenyewe bado unazunguka.

Basi Rashidi, mwalimu mwenzangu anayejua mambo hayo, akaniwekea programu ya maandishi matupu kwenye kompyuta yangu ya nyumbani. Haina picha wala rangi, ni kioo cheusi na herufi nyeupe. Kipanya hakina kazi. Unabonyeza herufi moja kuandika, nyingine kutuma. Alishinda kibarazani akihangaika nayo, mama mwenye nyumba kakaa katikati yetu, hapepesi macho. Barua ya majaribio ilipoondoka kufumba na kufumbua, nilipiga vigelegele!

Alipokwenda zake nikamwandikia mjomba. Nilimsifu Rashidi mpaka nikaona aibu: mpole, haachi swala, hachagui kazi. Jina langu sikuandika, nikijua mashine inaliweka yenyewe.

Kumbe Rashidi wakati wa kujaribu aliweka jina lake mahali pa mtumaji, akasahau kulitoa. Jibu la mjomba likaja: "Kijana, kwetu mwenye posa hutuma mshenga. Wewe unajisifu mwenyewe! Na nani kakuruhusu kuniita mjomba? Sikubali."

Mama, nililia. Rashidi alipoisoma alishika kichwa. "Hawa, nimejiharibia kwa mkono wangu," akasema. Akanionyesha mahali pa jina, nikalifuta na kuweka langu, kisha nikamweleza mjomba yote. Wiki nzima, kila nikitoka darasani nilikimbilia kompyuta, na kila siku ilikuwa tupu.

Jana kajibu: "Nimecheka mpaka nimeunguza wali wa mabaharia. Kijana alikosea mashine, hakukosea adabu. Lakini mimi sijamwona. Dada yangu alimwona alipokuja kwenye maulidi. Atakalosema yeye ndilo langu."

Kwa hiyo, mama, neno limerudi kwako. Ningepiga simu, ila maneno haya hayatoki mdomoni. Nampenda Rashidi. Ametulia, ananichekesha, na nikikasirika hakimbii. Nataka anioe.

Nisalimie bibi, mwambie nimeshajifunza kupika ugali usio na madonge. Msalimie kaka Hamisi, mume wa huyo anayekusomea, na shangazi wa Ruangwa mjini akija na kelele zake. Wifi, pole kwa kusoma kwa sauti mambo ya moyo wa mtu.

Mama, usimhangaishe wifi kukuandikia barua ndefu. Ndiyo au hapana tu, nami nitaipokea kwa heshima zote. Lakini naomba iwe ndiyo.

Mwanao anayekupenda,
Hawa