Siku Tuliyobeba Jeneza

Faiza mjukuu wangu,

Salamu zikukute huko Marseille kabla hujaingia majini kwenye mashindano yako. Sisi Mutsamudu hatujambo, na shangazi yako wa Moroni amepona goti.

Unauliza nilipumzikaje siku moja kabla ya mashindano yetu ya kuogelea, baiskeli na mbio, enzi za mamluki, wale askari wa kukodiwa kutoka ng'ambo walioshika visiwa vyetu. Sikupumzika. Jirani yetu alifariki asubuhi, na vichochoro vyetu havipitishi gari. Sisi washindani wa mji tulipokezana jeneza mpaka makaburini. Mamluki mmoja aliyejiandikisha nasi kushindana alitutazama kutoka barazani, miguu juu ya kiti.

Kesho yake mabega yalituuma hata majini. Alishinda yeye, kwa mbali.

Aliondoka na kikombe chake. Mimi nimezeekea hapa, na watakaonibeba nawajua.

Babu yako