Kitabu Chembamba

Mdogo wangu mpendwa,

Sisi tupo. Bati la jikoni limezibwa, na goti la mama limetulia.

Umeniuliza ununue kitabu gani cha kujifunzia hifadhidata za kompyuta. Nunua kile kinene, chenye sura ya kutunza nakala za akiba. Kile chembamba nilichokusifia, achana nacho. Mimi nilikichagua kwa uvivu: kiliahidi siku saba, nami siku ya sita nikajitia fundi kwenye kompyuta ya zahanati. Nilitaka kufuta jina moja lililoandikwa mara mbili. Nikafuta kumbukumbu za chanjo za watoto wote, na nakala sikuwa nayo.

Sasa wazazi wanapanga foleni na kadi zao za karatasi, nami naandika upya, mtoto mmoja mmoja.

Jana mama alimleta mwanao zahanati. Nikamsikia akiwatuliza wenzake kwenye benchi: "Vumilieni jamani. Kompyuta imepoteza majina, na huyo anayeyarudisha ni mwanangu."

Wote wakanishukuru. Nami, bila haya, nikaitikia, "Msijali."

Mwambie mama ukweli wewe. Mimi nimeshindwa.

Kaka yako,
fundi wa siku sita