Sahani ya Saba

Jumatatu, 3 Desemba

Nimeapa. Kwa kaburi la baba yangu, mwiko mkononi, bomba la maji likiwa wazi ili tusisikike. Simwambii mtu. Si mume wangu Tanios, ingawa Rula ni binti yake. Si mama mkwe. Si mwanangu Ghassan huko Brazili. Na Mama Naji wa ng'ambo ya ngazi ndiyo kabisa! Basi nakuambia wewe, daftari. Daftari si mtu.

Rula ana mimba!

Wiki ya kumi. Alikuja jana kutoka Beirut peke yake, akanivuta jikoni. Nililia, nikacheka, nikajifanya namenya vitunguu. Yeye hakucheka. Alinishika vifundo vya mikono kama polisi, akasema: "Mama, mara hii ukisema, sitakuambia tena kitu chochote maishani mwangu."

Ana haki. Miaka mitatu iliyopita nilitangaza mtaa mzima. Watu wakaja na hongera. Wiki mbili baadaye wakaja na pole, watu walewale, viti vilevile, na Rula mwenyewe ndiye aliyewaandalia kahawa. Ilikuwa ya pili kuharibika. Tangu hapo hagusi moghli. Anasema uji ule ni wa waliozaa, na yeye hakuzaa. Hata Krismasi, tunapompikia Mtoto Yesu kama tunavyompikia mtoto yeyote anayezaliwa, bakuli linampita na yeye anatazama dirishani. Mwanamke aliyekuwa akilamba sufuria mpaka linang'aa!

Zote mbili hazikufika wiki ya kumi na mbili. Mkesha wa Krismasi itakuwa ya kumi na tatu, na siku hiyo asubuhi daktari atampima. Siku ishirini na moja za kufunga mdomo. Mimi! Ambaye mume wangu ananiita redio.

Leo mkesha wa Mtakatifu Barbara. Nimechemsha ngano, nimemimina sukari, mdalasini, makomamanga mawili mazima. Watoto wa mtaani wamepita na vinyago vyao, mmoja amevaa gauni la bibi yake na masharubu ya makaa. Nimewapakulia mpaka kijiko kinagonga chini. Kisha nimeotesha ngano na adesi kwenye pamba, sahani moja kwa kila mtu wa nyumba, za kupamba pango la Mtoto Yesu siku ya Krismasi. 

Jumanne, 4 Desemba

Mjinga. Mjinga wa mwisho!

Sisi ni sita. Mimi, Tanios, mama mkwe, Rula, mumewe Wissam, na Ghassan ambaye hajakanyaga hapa Zahle miaka minne lakini sahani yake huota kama kawaida. Sita. Nimeotesha saba. Wallahi sikukusudia, mkono ulikwenda wenyewe.

Nani kagundua? Mama mkwe, nani mwingine. Ana miaka themanini na sita, hawezi kutunga uzi kwenye sindano, lakini kuhesabu anahesabu. Alipita dirishani na fimbo yake, akazigonga ukingoni moja moja. Akauliza ya saba ni ya nani. Nikasema ya akiba, huenda moja isiote. Akanitazama. Akasema nimeolewa nyumba hii miaka thelathini na tano na hajawahi kuniona nikiweka akiba ya kitu, hata kibiriti.

Tanios akasema labda ni ya paka. Mungu ambariki Tanios.

Alhamisi, 6 Desemba

Adesi zimepasuka! Vimkia vyeupe. Nimezinyunyizia kwa vidole, kama nilivyofundishwa na mama, si kwa kikombe.

Mama Naji kaja kunywa kahawa. Anakunywa kwa mdomo na kupekua kwa macho. Nikamwona anageukia dirisha, midomo inahesabu.  Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe, aliyekuwa amesinzia kando ya jiko la kuotea moto (nilidhani amesinzia!), akasema mbili ni zake. Umri wake, akasema, mtu anahitaji maombi maradufu.

Mama Naji akacheka. Mimi nikaunguza kahawa ya pili.

Mama mkwe anajua? Hajui. Angejua vipi? Bomba la maji lilikuwa wazi.

Jumapili, 9 Desemba

Sahani sita za kijani, urefu wa kidole. Ya saba — pamba tupu. Punje zimelala tu, zimevimba, zimenyamaza.

Kanisani sikusikia neno la Padri. Nilikuwa nahesabu: maji mengi? Baridi ya kioo? Au nilichota punje za chini ya mfuko, za mwaka jana? Najua ni adesi tu. Nimesoma, nimefundisha hesabu darasa la nne miaka ishirini, najua adesi ni adesi. Lakini nilipofika nyumbani nilikwenda kwanza dirishani, hata kitambaa cha kichwa sijavua.

Nimefikiria kuotesha nyingine kwa siri. Halafu nikaona haya. Nitamdanganya nani, pamba?

Jumatano, 12 Desemba

Imepotea!

Asubuhi, sahani sita. Nilitafuta kwenye takataka, nyuma ya pazia, nikamshuku Tanios, nikamshuku paka. Tanios akauliza kisa cha kupiga kelele kwa ajili ya sahani ya akiba. Nikamwambia ni sahani ya harusi yetu. Maskini, akaanza kutafuta na yeye.

Saa nne nimeingia kubadilisha shuka za mama mkwe. Iko pale. Kwenye kiti kilichosogezwa ukutani, mahali bomba la jiko linapopita na ukuta una joto, imefunikwa kwa bakuli la glasi. Na ndani ya bakuli — nyuzi tatu. Nne! Kijani kile cha mwanzo kabisa, cha kuonewa huruma.

Yeye alikuwa kitandani, rozari mkononi.   Nilitandika kitanda upande mmoja mara mbili.

Ijumaa, 14 Desemba

Rula kapiga simu. Anatapika. Asubuhi anatapika, mchana anatapika, harufu ya meno ya Wissam yaliyopigwa mswaki inamtapisha. Asante Bikira! Nikamwuliza ametapika mara ngapi, nikawa nafurahia kila moja. Akaniambia mimi mama wa ajabu. Akacheka! Nimemsikia kwa masikio yangu.

Nikatoka kwenye veranda nikiwa na wimbo mdomoni. Mama Naji yuko kwenye ngazi, anauliza kuna nini. Nikasema bei ya mazoti, mafuta ya jiko, imeshuka. Sasa mtaa mzima unaulizia mazoti imeshuka wapi.

Jumatatu, 17 Desemba

Ghassan kwa simu ya picha, uso mweusi kwa jua la huko. Kuna habari gani nyumbani? Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikamwambia adesi zimeota vizuri. Akasema mama, umekuwa wa kuchosha. Basi sawa. Niwe wa kuchosha. Bado siku saba!

Nimenunua kisibiti, mdalasini na unga wa mchele. Nimevificha nyuma ya mitungi ya zeituni. Sijui kama nitapika mwaka huu. Nikipika namwumiza Rula. Nisipopika, Tanios atauliza, mama mkwe atauliza, na Mtoto mwenyewe atazaliwa bila uji.

Alhamisi, 20 Desemba

Damu kidogo. Tangu jana.

Daktari amesema alale, asisimame, amwone Jumatatu kama alivyopanga. Nilishavaa viatu. Rula kasema nisiende. Nikishuka Beirut ghafla baba atajua, na baba akijua atalia, na yeye hana nguvu ya kumbembeleza baba.

Nimevua viatu.

Mama mkwe kaniita. Nilidhani anataka maji. Akasukuma kikapu cha kokwa za jozi za kupambia moghli kuelekea kwangu, na nyundo ndogo.

"Nimezaa tisa, nimezika wawili," akasema. "Sikuulizi. Vunja jozi."

Nimevunja zote. Kilo tatu. Yeye alichambua maganda kwa vidole kwa sababu macho hayaoni, na kila nilipopangusa pua aliangalia upande mwingine. Nampenda mwanamke huyu. Miaka thelathini na tano nimesema mengi juu yake kwa Mama Naji, na leo nampenda.

Jumamosi, 22 Desemba

Imekoma! Imekoma tangu jana mchana. Rula ananong'ona, kana kwamba itasikia na kurudi.

Nikamwambia nitapiga simu Jumatatu saa nne. Akasema hapana. Nisipige. Habari yoyote itakayokuwa ataileta mwenyewe, na akifika nisimwulize mbele ya watu. Hataki kuona tena nyuso zikibadilika. Nimekubali. Nimekubali na sijui nitaishije mpaka Jumatatu.

Tanios amejenga pango. Karatasi za mifuko ya saruji, amezikunjakunja, amezipaka kahawa zionekane mawe — kila mwaka ananiibia kahawa nzuri. Ng'ombe hana pembe moja tangu Ghassan ana miaka mitano. Hori tupu, Mtoto anawekwa kesho kutwa jioni. Theluji inaanza.

Jumapili, 23 Desemba

Theluji usiku kucha. Barabara ya mlimani ya kutoka Beirut imefungwa! Dahr el-Baidar hakuna gari linalopita. Tanios anafuatilia habari kila nusu saa na kutusomea, kana kwamba hatuoni dirishani. Anasema wataifungua, watapita wenye minyororo kwenye magurudumu. Wissam ana minyororo? Wissam hana hata mwavuli.

Tumepanga sahani kuzunguka pango. Nilipanga sita, za mbele ndefu kama nywele. Mama mkwe akaja na fimbo mkono mmoja, ya saba mkono wa pili, nikaogopa ataidondosha. Haikuwa ndefu. Imelala upande mmoja, upande wa bomba. Aliiweka karibu kabisa na hori, akasukuma kondoo kwa kidole kumpisha.

Tanios akauliza mbona ile fupi ndiyo inakaa mbele. Mama yake akamwambia wafupi hukaa mbele kwenye picha.

Jumatatu, 24 Desemba

Saa mbili asubuhi. Barabara imefunguliwa kwa wenye minyororo.

Saa nne. Sasa hivi yuko kwa daktari. Amelala pale, nguo imepandishwa, ile dawa baridi tumboni. Nimeshika simu, nimeiweka. Nimeshika, nimeiweka. Nimempa Tanios aifiche.

Saa tano. Nimemwuliza mama mkwe, nipike au nisipike? Alikuwa anafunga kitambaa kipya cha Krismasi. Akasema moghli si ya Rula wala si yangu, ni ya Mtoto, na Mtoto anazaliwa leo tupende tusipende. Kwa hiyo nimebandika. Unga wa mchele, sukari, kisibiti, mdalasini, maji baridi, na kukoroga. Saa nzima na zaidi bila kuacha, ukiacha inashika chini. Nashukuru Mungu kwa chakula kinachoshika chini! Mkono ulikuwa na kazi. Harufu imefika kwenye ngazi, na Mama Naji amegonga kuuliza kama kuna aliyezaa. Mama mkwe kamjibu kutoka kitini: "Maryamu wa Nazareti. Funga mlango, baridi."

Saa nane. Nimepakua. Bakuli tano mezani karibu na pango, la Ghassan likiwamo. Jozi na lozi zimelowekwa pembeni. Sikumpakulia Rula. Nilishika bakuli lake, lile lenye ukingo wa bluu, nikalirudisha kabatini. Nisimlazimishe kulikataa. Kama habari ni mbaya, asione bakuli linamsubiri mezani.

Saa tisa. Hakuna. Tanios amesimama getini na koleo, anajifanya anaondoa theluji. Ameshaiondoa mara tatu. Huenda na yeye anajua! Huenda nyumba hii yote inajua na kila mtu amefunga mdomo kwa ajili ya mwenzake!

Saa tisa na nusu. Gari.

Namsikia Tanios anapaza sauti, na minyororo — Wissam ana minyororo! Mlango mmoja wa gari. Wa pili. Nimekuja jikoni na daftari nikafunga mlango. Mimi niliyehesabu siku ishirini na moja, nimejificha. Nikienda nitamwangalia usoni, na nikimwangalia nitauliza hata bila kufungua mdomo. Ngoja avue koti. Ngoja abusu watu. Ngoja akae.

Wanakanyaga theluji mlangoni. Wissam anacheka kitu, lakini Wissam hucheka hata msibani. Tanios anasema sogeeni kwenye jiko la kuotea moto.  Fimbo ya mama mkwe, tok, tok, kuelekea kwenye pango. Imesimama.  Nadhani anamwonyesha sahani. Mungu wangu, anamwonyesha sahani!

Rula anavuta pua. Analia? Ana mafua? Naandika tu ili mkono ufanye kitu.

Sasa anazungumza. Sauti yake ile ya nyumbani, ya msichana aliyetoka shule na njaa, na hata koti najua hajavua kwa sababu vifungo havijagonga kiti:

"Bibi, hapa kuna bakuli tano. Langu liko wapi?"

Liko kabatini! Lile la bluu, liko kabatini, sufuria bado lina moto, jozi ziko wapi, nimeziweka wapi jozi —