Sataranji na Daktari wa Takawiri

Jumatatu, 8 Januari 1996. Macalder.

Chanjo asubuhi nzima. Watoto wanalia, mama zao wanacheka. Saa kumi nikawasha redio koli ya kuongea na vituo vingine. Ripoti kwanza, kama kawaida: malaria, kuhara, mama mjamzito mmoja apelekwe Migori. Kisha Takawiri wakaita.

"Sista Boke, farasi wangu anaingia d tano. Ova."

Nikamsogeza farasi wake mweusi kwenye ubao wangu, kando ya chupa za dawa ya kikohozi. Huyu Daktari Okeyo simjui kwa sura. Namjua kwa sauti na kwa ukatili. Mwaka mzima tunacheza hivi, hatua moja kila jioni, yeye kwenye zahanati ya kisiwani, mimi muuguzi huku kwa wachimba dhahabu. Ubao niliachiwa na padri mmoja aliyehama. Okeyo hajawahi kushindwa nami. Lakini leo nina askari wawili zaidi yake na malkia wangu yuko mlangoni kwake. Safari hii namla.

Ijumaa, 8 Machi.

Nimeliwa mimi.

Nilitoa farasi sadaka. Mfalme wake akakimbia huku na huku kama kuku wa sikukuu, nikawa nacheka peke yangu chumba cha dawa. Halafu vipande vikaanza kuisha. Nikaisha navyo. Mwishowe askari wake mmoja akatembea polepole hadi ukingoni, akageuka malkia. Nikabonyeza kitufe kwa hasira.

"Daktari, niambie ukweli. Mimi nachezaje? Ova."

Akakohoa. Yeye hukohoa kwanza.

"Sista, mwanzo wako naogopa. Haki ya Mungu. Farasi wako anaona mahali mimi sioni. Lakini unawaka kama moto wa nyasi. Vipande vikibaki vitatu vinne, unasinzia. Na ukivamia hurudi nyuma, hata ukiona shimo. Ova."

Kila zahanati yenye redio ilisikia. Mtu fulani akacheka hewani, sijui wa kituo gani. Masikio yangu yalipata joto. Namchukia leo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba amesema kweli.

Jumatatu, 11 Machi.

Tumepigwa marufuku. Sista Mkuu wa Homa Bay, ndiye anayesimamia redio za vituo vyote, aliingia katikati ya salamu.

"Redio ni ya wagonjwa, si ya farasi. Nimewavumilia vya kutosha. Ova."

Hata Okeyo hakukohoa. Nikadhani amemaliza, kumbe bado. Alisema mwezi ujao kuna michezo ya wafanyakazi wa afya hapo Homa Bay. Mpira, riadha, kuvuta kamba. Safari hii ataweka na meza ya sataranji. Mshindi atakwenda Kisumu kuwakilisha vituo vyetu.

"Kama mnataka kupigana, mje mpigane hapa, watu waone."

"Nitakuja," nikasema. Nilisahau hata kusema ova.

Sasa naogopa. Redioni nikishindwa, nashindwa mbele ya chupa za dawa. Kule nitashindwa mbele ya macho ya watu.

Alhamisi, 14 Machi.

Nimemwomba Chacha anisaidie mazoezi. Mume wangu ni mwalimu wa darasa la sita. Anajua jinsi vipande vinavyotembea, basi. Nikaondoa kila kitu ubaoni. Nikajiachia mfalme na askari wawili, yeye mfalme na askari mmoja. Ushindi wa wazi kabisa.

Sare. Na Chacha!

Kwanza nilimwambia akubali ameshindwa tulale mapema. Akakataa. "Mimi ni Mkuria. Nimeshindwa wapi? Si mfalme wangu amesimama?" Akaendelea kusogea, kusogea, ananikaanga taratibu. Mwisho nikakosa pa kupita.

Aibu tupu. Kumbe mwaka mzima sijui kumalizia. Nilikuwa nategemea watu wakate tamaa.

Jumatano, 20 Machi.

Mvua. Wagonjwa wachache. Nimecheza na wafalme peke yao mchana kutwa.

Nimeona kitu! Wafalme wakikabiliana, nafasi moja katikati, yule mwenye zamu ndiye anayeumia. Lazima asogee, na akisogea anaacha njia. Kwa hiyo kazi si kukimbia. Kazi ni kumfanya mwenzako awe ndiye wa kusogea. Nimerudia mpaka mkono umejua wenyewe.

Jioni nilimpiga Chacha mara tatu mfululizo. Mara ya tatu aliinuka akaenda kukamua ng'ombe. Nimefurahi kupita kiasi. Mwanamke mzima.

Jumatano, 27 Machi.

Leo nimemfikiria Okeyo kama mgonjwa. Dalili zake ni zipi.

Ana subira ya mvuvi wa ndoano. Anapenda kubadilishana vipande hadi ubao uwe mtupu, maana anajua huko ndiko ninakofia. Askari wake hawaachi peke yao hata siku moja. Hajawahi kuniachia kitu cha bure. Lakini hapendi mfalme wake aguswe. Nikimpiga cheki hata ya bure anatumia hatua mbili kumficha. Na akishapenda mpango, amependa. Hauachi hata ukishaoza. Halafu jambo moja nililolifikiria leo nikichoma sindano, karibu nimchome mtoto mara mbili: redioni ana siku nzima ya kufikiri kila hatua. Homa Bay kutakuwa na saa mezani. Je, atakuwaje akiharakishwa?

Mimi nina haraka ya kuzaliwa nayo. Labda haraka nayo ina siku yake. Ila nisiiache inishike mkono.

Mchimba dhahabu mmoja aliyekuja kufungwa kidonda ameniambia, "Sista, watu wa visiwani wanasema utalia." Nikamfunga bandeji kwa nguvu kidogo.

Ijumaa, 12 Aprili. Homa Bay.

Tumefika. Matope hadi magotini, tulisukuma gari mara mbili. Nimelala chumba kimoja na wauguzi wa Migori wanaovuta kamba. Wanakula kama wanaume.

Nimemwona. Nilitegemea mzee mnene mwenye mvi. Ni kijana wa rika langu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Tulitambuana kwa sauti, kwenye foleni ya chai. Alikohoa, nikageuka.

"Nyar Kegonga!" akasema. Binti wa Kegonga, kijijini kwetu. "Kumbe wewe ni mfupi hivi?"

"Na wewe Daktari, sauti yote ile inatoka wapi?"

Watu wakacheka. Tukasalimiana kwa mikono miwili. Mkono wake ulikuwa baridi. Wangu pia.

Sipendi kwamba ninampenda. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa na majivuno.

Jumamosi, 13 Aprili.

Nimeshinda.

Niandike polepole.

Asubuhi niliwatoa wawili. Wa kwanza mfamasia, hakukawia. Wa pili mwanamume wa maabara aliyekuwa akinifundisha sheria huku namla malkia. Okeyo naye aliwatoa wake. Fainali baada ya chakula, chini ya turubai, ziwa likionekana nyuma ya uwanja. Nilidhani watakuja watu watano. Walikuja wote. Hata wavuta kamba. Sista Mkuu alisimama kando yetu amekunja mikono kama askari wa zamu.

Nikapata vipande vyeupe. Nikafungua kwa kasi, kama kawaida yangu. Okeyo akaanza kufikiri. Saa inatembea, yeye anafikiri. Akavua miwani, akafuta, akavaa. Hapo nikajua: hajazoea kuonekana akifikiri.

Halafu ikaja hatari yenyewe. Niliona sadaka. Farasi wangu aingie, amle askari aliye mbele ya mfalme wake, malkia afuate. Nyuma yangu Mluo mmoja akanong'ona, "Ingia, ingia!" Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya farasi.

Nikaurudisha. Nikakalia mikono yote miwili.

Nikahesabu tena. Mfalme wake angetoroka upande wa pembeni, nami ningebaki na kelele tu. Basi nikamrudisha farasi nyuma. Nyuma! Watu wakaguna. Okeyo akainua macho akanitazama, mara ya kwanza tangu tuanze. Alishapanga jibu la uvamizi wangu na sasa mpango wake hauna kazi. Akaushikilia tu. Baada ya muda farasi yule yule akamchukulia askari mmoja upande wa pili. Kaaskari kamoja. Nikajua kanatosha.

Akafanya alichozoea. Akabadilishana malkia. Akabadilishana ngome, maaskofu, farasi, kisha askari mmoja mmoja. Ubao ukabaki mtupu. Alitabasamu kidogo, bila ubaya, kama mtu amefika nyumbani. Wafalme wawili na askari wangu mmoja. Sista Mkuu akatikisa kichwa. Naye alikuwa akisikia kila kitu redioni, anajua huwa nafia hapo.

Wafalme wakakabiliana. Zamu yangu. Kila kidole kilitaka kumsogeza mfalme. Nikamwacha. Nikasukuma mbele askari wangu aliyekuwa nyuma yake, mraba mmoja tu. Sasa zamu yake.

Okeyo akakohoa.

Akatazama ubao muda mrefu. Saa yake ilikuwa imebaki kidogo, lakini si saa iliyomuua. Alisogea kushoto, nikapita kulia. Alirudi, nikamkuta. Askari akapanda, akapanda. Mraba mmoja kabla ya ukingo Okeyo akamlaza mfalme wake kwa kidole, taratibu, kama anamlaza mtoto.

"Nani amekufundisha hii?"

"Mume wangu. Hajui kucheza."

Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Kisha akasimama, akainua mkono wangu juu, akapaza sauti kwa uwanja mzima: "Nyar Kegonga okonyo!" Yaani amesaidia. Halafu akajirekebisha kwa Kiswahili, maana alikuwa amechanganyikiwa hata kwa lugha yake: "Hapana, si amesaidia! Amenipiga! Amenipiga sawasawa!"

Kelele. Wavuta kamba wa Migori walinibeba. Mimi, mfupi hivi, hewani. Nililia mbele ya watu wote na sikuona haya hata kidogo. Sista Mkuu alinipa mkono, akasema nijiandae kwa Kisumu, kisha akasema chinichini, "Ile ya kusukuma askari. Hata mimi nilitaka usogeze mfalme."

Jioni Okeyo alinunua samaki, ngege mkubwa wa kukaanga. Tukakaa naye na wenzake, tukala kwa mikono kutoka sahani moja, tukicheza mchezo ule upya kwa vipande vya ugali.

Nimeshinda. Naandika tena kwa sababu napenda kuliona neno.

Jumapili, 21 Aprili. Kegonga.

Nimekuja kwa mama. Kanisani asubuhi, kisha jikoni kwake. Mahindi yametoka vizuri shambani. Ng'ombe mwekundu amezaa.

Nikamweleza. Alikuwa akichambua mboga, anasikiliza. Mbao, miraba, farasi, wafalme. Nilipofika mwisho nikangoja.

"Na huyo aliyeshindwa," akauliza, "alikula?"

"Alikula, mama. Tulikula pamoja."

"Basi ni mchezo mzuri."

Akanisogezea nusu ya mboga nichambue. Mvua imeanza juu ya mabati. Nikachambua naye mpaka sufuria ilipochemka.